Meza ya kulia na meza dawa: ni neno moja?

Swali: Mwanangu wa darasa la tatu alipewa zoezi la kutumia neno "meza" katika sentensi mbili zenye maana tofauti. Akaandika "Kitabu kiko juu ya meza" na "Meza dawa". Sasa ananiuliza kama hilo ni neno moja au ni maneno mawili. Shemeji yangu anashikilia kuwa ni moja: meza imeitwa meza kwa sababu hapo ndipo tunapoketi kumeza chakula. Anaongeza kwamba Wahispania nao wana *mesa*, Wahindi wana *mez*, na Waturuki wana *meze* ambayo kwao ni chakula, kwa hiyo dunia nzima imeona uhusiano huo. Nimjibuje mtoto, na nimjibuje shemeji?

Jibu: Mtoto mpe alama zote. Shemeji mpe kiti kwanza, maana maelezo yake yana vipande vya kweli ndani, ila amevishona mahali ambapo havishonani, na kuvifumua kutachukua muda.

Ni maneno mawili. Yanaandikwa sawa, yanatamkwa sawa, mkazo uko palepale, lakini moja ni mwenyeji na jingine ni mgeni aliyeshuka kutoka merikebuni. Kwa nini basi yanachanganya? Sikia maneno haya mawili: "Meza hiyo." Kama humwoni anayesema, huwezi kujua kama anaonyesha samani au anamwamuru mgonjwa ameze kidonge, kwa kuwa dawa nayo imo katika ngeli ya I-ZI na huchukua "hiyo" ileile. Wingi nao haukuokoi: "Meza hizo." Lakini ongeza kidogo tu na kila neno litarudi kwao. Sema "mezani" na hakuna atakayefikiria koo. Sema "usimeze" na hakuna atakayefikiria fundi seremala.

Tuanze na hoja ya shemeji kwamba samani imezaliwa na kitenzi. Kiswahili kina desturi yake ya kuzaa majina ya vitu kutokana na vitenzi, na desturi hiyo inapenda sana kumalizia kwa -o. Kinachofagia ni ufagio, kinachofunika ni kifuniko, kinachoziba ni kizibo, kinachochuja ni kichujio, kinachofungua ni ufunguo. Mahali pa kuegemea ni egemeo, pa kukalia ni kikalio. Kama wazee wangetaka jina la kifaa cha kumezea, wangetupa "kimezeo" au "mezeo", na leo tungekuwa tunapangusa vimezeo kila baada ya mlo. Kweli yapo majina yanayobaki na -a ya kitenzi, kama mkata kuni au mla watu, lakini hayo huvaa kiambishi cha mbele na huburuta mtendwa wake nyuma. Meza haina kiambishi, haina -o, haina mtendwa. Imekaa katika ngeli ambayo wageni wengi hupangishiwa: redio, kalamu, baiskeli, meza.

Ushahidi wa pili ni majirani, na huu ndio ninaoupenda zaidi. Kitenzi cha kumeza kimetapakaa katika lugha za Kibantu kwa sura zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja. Kishona husema *kumedza*, Kichewa *kumeza*, Kitswana *go metsa*, Kivenda *u mila*, Kiganda *okumira*, Kinyarwanda *kumira*. Katika Kilingala *komela* limeteleza kidogo na sasa maana yake ni kunywa. Hili ni neno la kale, limesafiri na wasemaji wake tangu kabla mtu yeyote wa ukanda huu hajaiona meza ya miguu minne ya Kireno.

Sasa waulize majirani haohao wanaiitaje meza. Kila mmoja anakwenda zake. Mzulu anasema *itafula*, Mxhosa *itafile*, Mshona *tafura*: wote wamelipata neno hilo kwa Waholanzi na kizazi chao, wanaosema *tafel*. Wachewa wana *tebulo*, kutoka kwa Waingereza. Wamalagasi wana *latabatra*, na ukilisikiliza vizuri utaigundua *la table* ya Kifaransa. Walilibeba neno pamoja na kiambatanishi chake, kama mtu anayenunua shati na hanga yake. Walingala wana *mesa*, Waganda *emmeeza*, Wanyarwanda *ameza*. Hawa watatu wako upande wetu, wawili wa mwisho kupitia Kiswahili chenyewe.

Wachewa ndio wanaomaliza kesi. Kitenzi chao cha kumeza ni herufi kwa herufi sawa na chetu. Kama kuketi kula kungetosha kuzaa jina la samani, wao wangekuwa wa kwanza kulizaa. Badala yake waliazima *tebulo*. Yaani kitenzi walikuwa nacho mdomoni, na haikuwapitia kichwani hata kidogo kwamba kinahusiana na ubao ule.

Basi mgeni wetu alitoka wapi? Kwa Wareno, na ushahidi ni sauti ya z. Mreno na Mhispania wote huandika *mesa*, lakini Mhispania hutamka s, ilhali Mreno, s ikikaa kati ya irabu mbili, huitamka z. Sisi hatukusoma neno lao, tulilisikia. Vasco da Gama alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na Wareno wakang'olewa Mombasa mwaka 1698. Kwa miaka 200 ya mizinga na ushuru walituachia maneno machache kuliko mtu angetarajia, na mengi ni ya vitu vya kushika kwa mkono: kopo kutoka *copo*, foronya kutoka *fronha*, leso kutoka *lenço*, karata, mvinyo, bendera, parafujo. Na gereza, ambalo kwao, *igreja*, ni kanisa. Safari ya neno hilo kutoka madhabahuni hadi ngomeni hadi jela ingehitaji jibu lake peke yake.

Wareno hawakuishia kwetu. Waliendelea mashariki, na neno lao wakalidondosha bandari baada ya bandari. Katika Kimalei na Kiindonesia meza ni *meja*, katika Kisinhala ni *mesaya*. Mwindonesia na Mswahili, ambao hakuna lugha mama inayowaunganisha, wanaweza kuingia chumbani wakakubaliana kuhusu meza bila mkalimani. Bendera nayo kwao ni *bendera*, haikubadilika hata herufi. Lakini wajihadhari wakifika kwenye gereza: *gereja* ya Kiindonesia imebaki kuwa kanisa. Mwambie Mwindonesia kwamba ndugu yako amepelekwa gereza, atauliza ni ibada ya saa ngapi.

Kwa India jambo linakuwa gumu kidogo, na hapa shemeji ana haki ya kunyoosha mkono. *Mez* ya Kihindi na Kiurdu ni meza kweli, ya kuandikia na ya kulia. Wako wanaosema ni Wareno wale wale, ambao walikaa Goa kuanzia mwaka 1510 hadi 1961. Wako wanaosema hapana, ni Uajemi. Kiajemi kina *miz*, zamani *mez*, na kina neno kongwe *mizban*, yaani mwenyeji anayemkaribisha mgeni na kumkirimu. Neno *mezban* hadi leo linatumika katika Kiurdu kwa maana hiyohiyo. Kwa hiyo Uajemi ulikuwa na *mez* yake ya ukarimu kabla jahazi lolote la Ureno halijavuka bahari. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zina sehemu ya ukweli: neno la Kiajemi lilikuwa limekwishaketi ndani ya nyumba, Mreno akabisha hodi na la kwake linalofanana nalo, na hakuna aliyeona sababu ya kuwatenganisha. Jambo hilo hutokea. Maneno mawili yasiyo na undugu hukutana, yakafanana sura, yakaishi kama mtu mmoja.

Sasa *meze* ya Waturuki. Hapa ndipo uzi wa shemeji unapokatika. *Meze* si meza hata kidogo. Ni vile vionjo vinavyoandaliwa kwenye visahani vidogo kabla ya chakula kikubwa, au pamoja na kinywaji. Neno limetoka kwa Waajemi, *maze*, maana yake ladha, kutoka kitenzi cha kuonja na kufyonza. Waturuki walilichukua, wakalipeleka kila walikotawala: Wagiriki wanasema *mezes*, Waarabu wa Sham *mazza*, Waserbia na Wabulgaria *meze*. Upande wa mashariki likaingia katika Kihindi na Kiurdu kama *maza*, na huko likapanda cheo: kutoka ladha ya mdomoni likawa raha ya maisha kwa jumla. Kitu kitamu ni *mazedar*, na filamu inayochekesha nayo ina *maza*. Kwa hiyo Mhindi anayo *mez* na anayo *maza*, na anaweza kupata ya pili akiwa ameketi kwenye ya kwanza, lakini hajawahi kuyachanganya.

Turudi kwa mama wa *mesa*. Ni *mensa* ya Kilatini. Warumi wenyewe walikuwa wavivu wa kutamka n mbele ya s, ndiyo maana watoto wa lugha hiyo waliipoteza: Kireno na Kihispania *mesa*, Kiromania *masă*. Katika Kiromania *masă* ni meza na pia ni mlo. Ukisema "unachukua *masa*" watu wanaelewa unakula, hata kama umesimama na sahani mkononi. Hapa shemeji angekuwa na furaha, maana huko ubao na chakula kweli vimeungana katika neno moja. Waitalia walipoweka *tavola* kwa samani, *mensa* ikabaki kwao kama jina la bwalo la wafanyakazi au wanafunzi. Wajerumani nao wakaazima neno hilohilo kwa bwalo la chuo kikuu. Na huko Ireland, *mensa* iliingia zamani sana ikageuka *mias*, yaani sahani. Chombo kilichowekwa juu ya meza kikarithi jina la meza.

Kuhusu kula na meza, Warumi walikuwa na kisa ambacho siwezi kukiacha. Virgil, katika utenzi wake wa *Aeneid*, anasimulia wakimbizi wa Troy walivyotabiriwa kwamba hawatajenga mji wao mpaka njaa iwalazimishe kula meza zao. Wakaogopa sana. Siku moja, wakiwa wameshuka ufukweni Italia, walitandaza mikate bapa chini na kuweka matunda juu yake. Matunda yakaisha, wakaila na mikate. Mtoto wa Aeneas, kiongozi wao, akatania: lo, tunakula hata meza! Utabiri ukawa umetimia kwa mzaha wa mtoto. Sentensi ile, ukiileta kwa Kiswahili, inajipamba yenyewe: walimeza meza. Pengine ndiyo mara pekee maneno haya mawili yamepata sababu nzuri ya kukaa pamoja.

*Mensa* ilipanda hata mbinguni. Mnajimu Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyekaa Rasi ya Tumaini Jema kati ya mwaka 1751 na 1753 akihesabu nyota za kusini, alilipa kundinyota moja jina la mlima wenye kilele bapa uliokuwa ukimtazama kila siku: Mlima wa Meza, kwa Kilatini Mons Mensae. Leo kundinyota hilo linaitwa Mensa tu. Ni hafifu, nyota zake hazimshtui mtu, lakini sehemu ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi inayoonekana angani kama wingu, imelifunika kwa juu, kama vile mawingu yanavyoufunika mlima wenyewe. Kutoka kwa umbo hilohilo la kilele kilichosawazishwa, Wahispania katika Amerika walianza kuita vilima bapa *mesa*, na neno likaingia katika jiolojia ya Kiingereza na kwenye ramani: Mesa Verde iko Colorado.

Ipo pia Mensa ya watu wenye akili nyingi, chama kilichoanzishwa Oxford mwaka 1946. Walichagua jina hilo kwa kufikiria meza ya duara ambapo hakuna anayekaa juu ya mwenzake. Jina ni zuri, isipokuwa Mexico. Huko *mensa* katika lugha ya mitaani ni mwanamke mjinga.

Mfano huo unanipeleka kwenye somo ambalo ningependa shemeji alichukue. Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi undugu. Lugha zina sauti chache na maneno mengi, kwa hiyo kugongana hakuepukiki. Waulize Wabaski neno *meza*, kwa tahajia hiihii yetu: wao watakuambia ni misa ya kanisani, kutoka Kilatini *missa*. Meza ya kulia kwao ni *mahai*. Kwa Wahungaria *méz* ni asali, na asali inaweza kuwa juu ya meza, lakini hilo halijawahi kuwa uthibitisho wa kitu chochote. Kwa Waitalia *mezza* ni nusu. Kwa Wacheki *mezi* ni "kati ya". Kwa Wajapani *mezamashi* ni saa ya kuamshia, ambapo *me* ni jicho na kilichobaki ni kuamsha. Kama ungependa, ungeweza kutunga hadithi inayoviunganisha vyote: mtu aliyeamshwa na saa, akala nusu ya asali, akaenda misa. Hadithi itapendeza na haitakuwa na ukweli. Kila hadithi ya asili ya maneno inayopendeza mno ninaisoma kwa jicho moja.

Kinyume chake, undugu wa kweli mara nyingi haufanani hata kidogo. Mjerumani anaita meza *Tisch*. Mwingereza ana *dish* kwa sahani, *desk* kwa deski, na *disk* kwa diski. Hayo yote yana babu mmoja, *discus*, kile kisahani walichokuwa wakirusha wanariadha wa Ugiriki na Roma. Deski anayokalia mwanao darasani na diski ya kompyuta ni binamu wa kisahani cha kurushwa uwanjani. Nani angefikiri? Kwa upande wetu dawati lina siri kama hiyo: Kiarabu *dawat* ni kidau cha wino. Jina la kidau likapanda likawa jina la kijisanduku cha mwandishi, kisha likawa jina la samani nzima. Mtu anayesema "dawati la mtoto limevunjika" anasema, kama ungemrudisha nyuma vya kutosha, kwamba kidau kimevunjika.

Wagiriki wana mfano mwingine. *Trapeza* ilikuwa meza, kitu chenye miguu minne. Wabadili fedha walifanya kazi yao juu ya meza, zile alizozipindua Yesu hekaluni, na polepole meza ikawa biashara yenyewe. Leo ukiwa Ugiriki ukaona *trapeza* imeandikwa mlangoni, usiingie ukitafuta chakula. Hiyo ni benki. Meza ya kulia wameipunguza kidogo ikawa *trapezi*. Sisi tusiwacheke, maana benki yetu nayo imetokana na *banco* ya Waitalia, benchi la mbadili fedha. Warusi nao wana *stol*, meza, ambalo zamani lilikuwa pia kiti cha enzi, na kutoka hapo wakapata *stolitsa*, mji mkuu. Waarabu wao waliona haitoshi kuwa na neno moja: ubao mtupu ni *khiwan*, na hauitwi *maida* mpaka chakula kiwe kimewekwa juu. Sura ya 5 ya Qur'ani imechukua jina lake hapo. Kiutaratibu, basi, Waarabu wa kale wangemkubalia shemeji nusu ya hoja yake: kwao chakula ndicho kinachoamua jina. Lakini neno *maida* halina undugu na neno letu meza, na kumeza kwao ni *balaa*, jambo ambalo Mswahili akilisikia atashtuka, kwa kuwa kwetu balaa ni kitu kingine kabisa, na asili yake ni neno jingine la Kiarabu linalotofautiana nalo kwa sauti moja ya kooni.

Nirudi kwa mtoto, maana yeye ndiye aliyeuliza. Mwonyeshe kamusi. Atakuta vidahizo viwili, si kimoja: meza yenye alama ya nomino, na meza yenye alama ya kitenzi, kila kimoja na namba yake juu. Wanaisimu huita hali hiyo homonimia, maneno mawili kwenye nguo moja. Kisha mwonyeshe tofauti kwa kumpeleka ndani ya kidahizo cha kitenzi. Mtu humeza dawa. Mwanafunzi humeza masomo bila kuyaelewa, halafu akayatapika kwenye karatasi ya mtihani. Mtu huona kitu kizuri akakimezea mate. Vijana humwambia aliyekasirika "mezea tu", yaani yaachie yapite. Hizo ni maana nyingi za neno moja, na unaweza kufuata uzi kutoka kooni hadi mwisho wake bila kuruka mahali. Hiyo ni polisemia. Meza ya samani nayo ina uzi wake: meza ya mazungumzo, meza kuu, kinachopita chini ya meza. Lakini kati ya uzi huu na ule hakuna fundo. Mwalimu alipotaka "maana tofauti" nadhani hakujali ni lipi kati ya hayo mawili, na mtoto hakukosea.

Shemeji akiendelea kubisha, mwambie tu "Meza hiyo", halafu umwache achague ngeli mwenyewe.